Fleti Moja, Wapishi Watatu

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Anayetaka hadithi ya sungura na fisi aende kwa jirani, leo sungura sina. Nina watu watatu, nyumba moja na hasira ya miaka mitatu, na nikimaliza nitawauliza swali. Msinijibu kabla sijauliza.

Mimi naitwa Somoe, mshona nguo wa Mtaa wa Vigaeni, na haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwa chumba cha nne.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Nyange. Nyumba ya Kiswahili, vyumba vinane, vinne huku na vinne huku, ukumbi katikati, uani choo kimoja na bafu moja. Bi Nyange alikaa chumba cha kwanza, sisi wapangaji tukakaa vilivyobaki. Familia nane chini ya bati moja. Tuligombana kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, tukapatana kwenye misiba, tukagombana tena. Katika familia hizo nane walikuwamo watu watatu wenye vipaji ambavyo sisi wengine hatukujaliwa.

Mwajabu, muuza chapati wa chumba cha tano, alikuwa na kipaji cha kukumbuka. Alijua mvua ya mwaka gani iling'oa bati la nani, na nani alizaliwa siku hiyo, na mkunga alivaa nini. Watu wakibishana juu ya mambo ya zamani, walikuja barazani kwake na ubishi wao, na wakiondoka ubishi umekwisha.

Chande wa chumba cha saba alikuwa na kipaji cha kungoja. Alikuwa tarishi wa ofisi za serikali kwa miaka thelathini, kazi yake kubeba majalada kutoka meza hii kwenda meza ile. Aliweza kukaa kwenye benchi la ofisi tangu linapofunguliwa dirisha mpaka linapofungwa, hanuni, hasinzii, na huku anasoma kila karatasi iliyo mezani, hata iliyogeuzwa juu chini.

Mabula, fundi mwashi wa chumba cha nane, alikuwa na kipaji cha macho. Akipita karibu na ukuta anajua kama utasimama au hautasimama. Siku moja alikataa kuingia kwenye ukumbi wa harusi, akala pilau nje juani, tukamcheka mpaka mbavu zikauma. Wiki mbili baadaye dari ya ukumbi ule ilianguka. Hatukumcheka tena.

Basi tulikuwa tunaishi, mpaka manispaa ilipoleta Mpango Kabambe.

Walibandika tangazo kwenye nguzo ya umeme. Lilisema mji umejaa watu na nyumba hazitoshi, kwa hiyo Mtaa wa Vigaeni umekuwa eneo la ghorofa. Ghorofa nne, ukihesabu na ya chini. Mwenye kiwanja ajenge ghorofa nne ndani ya miaka mitatu, asiyeweza auze kwa anayeweza. Kisha wakapita na rangi nyekundu wakatuchorea alama ya X kwenye kila ukuta, hata ukuta wa choo. Mimi sipingi ghorofa. Watu wanazaana, mji haunyooshwi kama chapati, lazima tupande juu. Lakini niambieni, muuza chapati anapanda juu kwa ngazi gani?

Wanunuzi wakaja na miwani yao ya jua. Bi Nyange aliwakaribisha, akawapa maji, akawakatalia. Halafu akatuita uani.

"Wanangu," alisema, "mimi siuzi. Nikiuza napata pesa, nyie mnapata njia. Mkiweza kulipandisha ghorofa hili, kila aliyelala chini ya bati langu atalala chini ya zege langu. Mkishindwa, tutakwenda sote."

Ikapatikana kampuni, ya bwana mmoja aitwaye Ndossi. Makubaliano yalikuwa mepesi kueleweka: Bi Nyange atoe kiwanja, Ndossi atoe gharama, zijengwe fleti kumi na sita, nne kila ghorofa, wagawane nusu kwa nusu. Nane za Ndossi, auze apendavyo. Nane zetu. Familia nane, fleti nane. Tulipiga vigelegele siku ile, na mimi nilishona pazia kabla ukuta haujawepo.

Ndossi alikuwa na masharti matatu. Kwanza kiwanja kiwe na mipaka na hati. Pili kibali cha ujenzi kitoke. Tatu jengo likaguliwe, lipite. "Hayo mtayamaliza nyie," alisema, "mimi nimechoka kugombana na ofisi zile."

Sasa sikilizeni jinsi watu wetu watatu walivyoyamaliza.

Mpima ardhi alikuja, akafungua vyombo vyake, akavifunga. Akasema kwenye vitabu kiwanja kimepimwa, lakini bikoni hazionekani, yale mawe manne ya mipaka yanayozikwa pembeni. Bila bikoni hakuna mipaka, na bila mipaka hakuna hati. Jirani wa kushoto akaanza kutabasamu, maana alikuwa na hamu na upande wetu wa choo. Hapo Mwajabu akainuka kwenye karai lake la unga, akafuta mikono. Akasema, "Mwaka ule niliolewa, hapa palikuwa na mihogo. Mpima alikuja na chombo cha miguu mitatu, ana kipara, anaitwa Mshindo." Akatembea. Bikoni ya kwanza ilikuwa chini ya jiwe letu la kufulia. Ya pili ilikuwa ndani ya ukuta wa choo. Ya tatu ilikuwa chini ya banda la kuku la yule jirani, tabasamu lake likakauka. Alipofika kwenye ya nne akasimama.

"Bi Mwajabu, hiyo huikumbuki?" mpima akamuuliza.

"Naikumbuka," alisema. "Nilizika kitovu cha Yasini wangu, hatua tatu kutoka kwenye jiwe hilo, ili nisipapoteze." Yasini ni mwanawe wa kwanza na wa mwisho, alichukuliwa na surua kabla hajaanza shule. Akahesabu hatua tatu, akaonyesha kwa kidole cha mguu. Wakachimba mpaka magoti, jembe likagonga jiwe, ngo! Sisi tulishangilia. Yeye alikaa chini akalia, na hati ikatoka.

Bila Mwajabu, jengo lingesimama wapi?

Kibali nacho kilikuwa na kisa chake. Tulipopeleka michoro, afisa wa mipango miji alifungua ramani yake na kutuambia kiwanja chetu ni bustani ya watoto. Kilipakwa kijani. Familia nane, choo kimoja, miaka thelathini na tano, na kwenye ramani yao sisi wote tulikuwa majani! Akasema ili rangi ibadilike lipatikane jalada la zamani, na jalada la zamani halionekani, na kwa kuwa halionekani tungoje. Chande akavaa shati lake jeupe, akaenda kungoja. Miezi kumi na minne, jamani. Alimwona afisa anapandishwa cheo, akamwona mwingine anakuja na kikombe chake, na wote walimwambia njoo Jumatatu. Mkewe, Bi Rehema, alipata kiharusi katika miezi hiyo, miguu ikakataa. Tangu hapo, siku za kliniki Chande alimpeleka hospitali alfajiri na saa mbili yuko benchini.

Siku moja kofia ilimwanguka. Akainama kuiokota, na pale chini ya meza, kwa macho yale yanayosoma vitu juu chini, akaona namba ya jalada letu. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi. Walilikunja jalada wakaliweka chini ya mguu ili meza isicheze.

"Mheshimiwa," Chande alimwambia afisa, bila kupandisha sauti, "naomba uinue meza yako kidogo." Meza ikainuliwa, ramani ya zamani ikatoka ikiwa na alama ya mguu wa meza katikati, na kiwanja chetu kikaonekana ni cha makazi tangu hapo. Kibali kikagongwa mhuri siku ya tatu.

Bila Chande, si tungekuwa majani hadi leo?

Tukavunjiwa nyumba, tukatawanyika. Kila mtu alikwenda kupanga anakojua, na mnajua wenye nyumba wa mji huu: kodi ya miezi sita mkononi ndipo akuonyeshe mlango. Mabula alishindwa. Alimpandisha mkewe na watoto watano basi la Shinyanga, kwa wazazi, akawaahidi watarudi nyumba ikiisha. Yeye akaomba kazi ya kibarua pale pale kwenye jengo letu, akalala kwenye stoo ya saruji.

Ujenzi ulikwenda vizuri mpaka ghorofa ya pili. Asubuhi moja Mabula akasimama mbele ya nguzo mbili za kona, akaziangalia kama daktari anavyomwangalia mtoto asiyelia. Akamwendea msimamizi.

"Bosi, nguzo hizi nondo zake nyembamba. Na zege limepungua saruji."

"Wewe ni mhandisi?"

"Mimi ni mpangaji," Mabula alisema. "Watoto wangu ndio watalala hapo juu."

Akafukuzwa palepale. Hakwenda mbali. Alikaa ng'ambo ya barabara siku tisa, kila lori la mawe likija anasimama mbele yake na kuita wapita njia. Siku ya kumi Ndossi mwenyewe alikuja na wapimaji wake, wakatoboa nguzo, wakaona. Msimamizi alikuwa akiuza nondo zetu usiku. Nguzo zikabomolewa, na Mabula akarudishwa kuzijenga upya. Siku ya ukaguzi wakaguzi waligonga kila mahali wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na mmoja alisema hajaona nguzo kama zile mjini hapa.

Bila Mabula, tungefukuliwa kutoka wapi?

Hapo ingekuwa hadithi ya furaha, mngekwenda kulala. Bado.

Niliwaambia tulipiga vigelegele. Kabla ya jiwe la kwanza, Bi Nyange alisema tuandike nani anachukua fleti ipi, kusudi baadaye tusitoane macho. Tukaketi. Na hapa ndipo tulipokosea, kosa la watu wenye adabu. Mnajua shughuli zetu: wapishi hawali kwanza. Waliopika pilau wanangoja wageni wale, wazee wale, watoto wale, ndipo wanakaa jikoni na sufuria. Tukamwandika Bi Nyange wa kwanza. Wa pili mjane wa chumba cha pili na wanawe wanne. Wa tatu mimi. Wa nne Mzee Makame asiyeona. Wa tano mwalimu wa chekechea. Tulipofika kwa wale watatu, Mwajabu akacheka akasema, "Sisi ndio wapishi wa shughuli hii, tutakula mwisho." Chande, aliyeshika kalamu, hakutaka kuandika yeyote mbele ya mwenzake. Akaandika majina matatu kwenye mstari mmoja: sita, saba na nane, Mwajabu, Chande, Mabula. Tukatia sahihi kwa wakili, mhuri ukagongwa, tukaona tumefanya la maana sana.

Jengo lilipokwisha, limepakwa rangi, limekaguliwa, tunangoja cheti cha kuhamia tu, manispaa ikapitisha sheria ndogo mpya. Kila fleti iwe na maegesho ya gari moja. Kila fleti! Na jengo lisilo na maegesho halipewi cheti.

Chande alikwenda kuwauliza. Mimi nilimsindikiza, na nilishuhudia kwa masikio haya.

"Mheshimiwa," alisema, "katika familia zetu nane hakuna mwenye gari. Hakuna mwenye baiskeli. Kuna toroli moja, la Bi Mwajabu, la kubebea unga."

"Mpango unaangalia mbele," afisa alisema. "Siku mkija kununua?"

"Na gari lisilokuwepo tuliegeshe wapi? Kiwanja chote ni jengo."

"Ghorofa ya chini. Mtoe kuta."

Walimpa Mabula kazi hiyo. Fleti nne za chini, alizozijenga kwa mkono wake, alizibomoa kwa mkono wake, akaacha nguzo tu. Nilikuwa napita na kitambaa changu cha kazi, nikamwona ameshika nyundo na vumbi limemjaa kope. Akaendelea kubomoa. Mimi ndiye niliyetukana, nilitukana mpaka watu wa kituo cha bodaboda wakageuka.

Zilibaki fleti kumi na mbili. Nusu kwa nusu: sita za Ndossi, sita zetu. Familia nane.

Ndossi, msidhani alinyamaza. Alilalamika kuliko sisi. Aliomba aongeze ghorofa ya tano kufidia. Wakaazi wa Mtaa wa Bustani, ng'ambo ya barabara, wenye nyasi za kumwagiliwa na mbwa wa kuogeshwa, waliandika barua kwamba ghorofa ya tano itachungulia nyuani kwao. Manispaa ikasema Mpango Kabambe ni ghorofa nne. Pungufu ya nne ni kosa, zaidi ya nne ni kosa. Ndossi akaenda redioni, kwenye kipindi cha wajenzi, akasema maneno haya: "Serikali inalia nyumba hazitoshi, na kila tukizijenga inazipunguza. Kibali miezi kumi na minne. Ghorofa imekatwa. Magari yamepewa nafasi ya watu. Mtuache tujenge, na nyumba zitapatikana, na bei itashuka." Nilimsikiliza nikiwa kwenye cherehani. Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilinikera zaidi, maana jioni yake Chande alimfuata.

"Bwana Ndossi, umesema vizuri sana. Basi katika sita zako tuachie mbili."

"Nimeshaziuza, mzee wangu."

"Nne hazina mtu. Tunaona giza madirishani."

"Wenyewe wanangoja bei ipande."

"Si umesema bei itashuka?"

Ndossi alicheka kidogo, kwa aibu nadhani, akamshika Chande begani, akapanda gari lake. Aliliegesha kwenye maegesho namba moja. Mpaka leo ndilo gari pekee nililoliona pale.

Tukaingia sisi watano, kwa mpangilio wa karatasi. Ikabaki fleti ya sita, ghorofa ya kwanza, karibu na ngazi, na majina matatu kwenye mstari mmoja.

Mwajabu na Chande kodi zao za kule walikopanga zilikwisha karibu siku moja, na stoo ya saruji ya Mabula ilikuwa imeshavunjwa. Hawakuwa na pa kwenda. Wakaja chini ya jengo lao wenyewe, wakatandika kwenye maegesho. Mwajabu alichagua namba tisa. Hakusema kwa nini, ila mimi nilihesabu hatua tatu kutoka pembeni nikaelewa. Chande na Bi Rehema wakachukua namba nne, kwenye kivuli, Chande amemwekea mkewe godoro juu ya masanduku ili asilale kwenye saruji. Mabula akachukua namba kumi na mbili, akapiga simu Shinyanga, mkewe, aliyekwisha choka kusubiri, akaja na watoto wote watano. Wamefunga khanga kwenye nguzo kuwa kuta, na nguzo ni zile zile alizozipigania. Chini yao, kwenye sakafu, mistari myeupe na namba za magari.

Wiki iliyopita alikuja askari wa manispaa na karatasi.

"Hapa hapalaliwi," alisema. "Hapa ni pa magari. Siku saba muwe mmetoka, la sivyo cheti cha jengo zima kinafutwa, na wote mtashuka."

Mwajabu alikuwa anasukuma chapati. "Mwanangu," alimwuliza, "sheria yenu inataka gari lipate pa kulala?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi?"

Yule askari aliangalia karatasi yake, juu na chini, kama anayetafuta jina. Akasema, "Wewe hujaandikwa humu." Akapokea chapati aliyopewa, akaondoka.

Hapo urafiki wa miaka ishirini ukapasuka. Jumapili mchana walikuwa wanakula sufuria moja, Mabula akasema polepole kwamba yeye ana watoto watano, na fleti ni ya wenye watoto.

"Watoto ulizaa wewe, fundi, hawakuzaa nguzo," Chande alisema. "Mke wangu anabebwa mgongoni kwenda chooni. Ile fleti iko karibu na ngazi. Miguu yake ilipotea kwa sababu ya kibali chenu. Ningekuwa nyumbani siku ile, ningemwahi."

"Kibali changu? Kaka Chande, kibali ungekigonga juu ya nini, juu ya hewa?" Mwajabu aliweka tonge chini. "Nyie mna wake, mna watoto, mna Shinyanga. Mimi nina mawe manne na kitovu. Kiwanja hiki kilisimama kwa kichwa changu."

"Kilisimama kwa mikono yangu!" Mabula aligonga nguzo kwa kiganja. "Bila mimi mngekuwa kifusini na kumbukumbu zenu na mihuri yenu!"

Watoto waliacha kula. Bi Rehema, kutoka kwenye godoro lake, alijaribu kusema neno na neno halikutoka sawasawa, nao hawakumsikia. Tangu siku hiyo kila mmoja anapika kivyake.

Tumejaribu kupatanisha, msidhani tumekaa tu. Kura wameikataa wote watatu. Mabula alisema kura inapigiwa kitu cha kuokota barabarani, na wao hawakuokota. Waishi pamoja fleti moja, mkataba wa kampuni hauruhusu, familia moja fleti moja, na askari anahesabu vichwa. Mzee Makame alisema kila mmoja akae miezi minne kwa zamu, Chande akamwuliza Bi Rehema abebwe ashushwe mara ngapi kabla hajafa.

Ijumaa Bi Nyange aliniita. Amezeeka mara moja, amekaa kwenye kiti kipya mbele ya dirisha jipya, haangalii nje. Alifungua pindo la khanga, akatoa ufunguo.

"Somoe," alisema, "nimewaahidi wote, na ahadi imenishinda. Mimi nikimpa mmoja nitawasaliti wawili. Wewe mdomo wako hauna breki, utasema lililo sawa. Mpe anayestahili."

Ndio huu hapa. Uangalieni, ni mdogo, una kikaratasi cha namba sita. Kesho ndiyo siku ya saba.

Nimewatukana manispaa, nami nilikuwa na haki. Nimemtukana Ndossi, na watu wa Mtaa wa Bustani na mbwa wao, na wale wa madirisha yenye giza. Hasira ile ilinipa raha, sikatai. Lakini usiku nikizima cherehani nasikia watoto wa Mabula wanakohoa huko chini kwenye saruji, na hapo sina wa kumtukana. Maana fleti ya tatu ni yangu. Tupo wawili, mimi na binti yangu, na chumba kimoja nimeweka vitambaa. Mimi sikukumbuka jiwe lolote. Sikungoja kwenye benchi hata siku moja. Sikuziona nondo. Nilishona pazia tu. Jana asubuhi Mwajabu aliniletea chapati mbili za moto, akaniuliza, "Umelala, Somoe?" Nikamjibu nimelala. Pazia langu nilikuwa nimelifunga.

Haya. Aliyejua jengo lisimame wapi, aliyepata ruhusa lisimame, na aliyelifanya lisimame. Ukimtoa mmoja, hakuna fleti ya mtu yeyote, si yao, si yangu, si ya Ndossi. Usiniambie wape wote watatu, ufunguo ni mmoja. Usiniambie wa kulaumiwa ni manispaa, hilo nimekwisha kulisema mimi, na manispaa hailali humu. Na wewe unayeangalia mlango wangu kisha unaniangalia mimi, kama unataka kusema kitu, sema, ila kwanza uniambie na wewe umelala wapi.

Je, ingekuwa wewe umeushika ufunguo huu, ungeuweka mkononi mwa nani? Jibu kwa sauti. Dirisha liko wazi, na wao wako hapo chini wanasikiliza.